Nani Kasajili Enkaji Sidai?

Ololosokwan,
19 Januari 2025

Mwanangu Melkizedek,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi huku wazima. Sitakuandikia kwamba hofu yangu ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu, kwa sababu nimewafundisha watoto sentensi hiyo tangu ubao ukiwa mweusi mpaka ulipopauka, na nimeichoka. Tena kwako sina hofu. Nina maswali.

Kwanza habari. Mvua za vuli zilitupitia juu juu, majani ni mafupi na ng'ombe wanapelekwa mbali. Miwani uliyonitumia inanifaa, ila fremu yake ni ya kijana. Watoto wa jirani wananiita didjei. Kahawa imefika. Mwambie wifi yangu Esta, mama yako, kwamba barua yake niliipata na jibu ni lile lile: nimestaafu kufundisha, sijastaafu kuishi Ololosokwan. Kila mwaka ananiambia nirudi nyumbani Kibosho, kama vile huku nilipotea njia.

Sasa wewe. Kaka yako Eliud alipita hapa na watalii wake baada ya Krismasi, akanywa chai yangu yote, akaniambia umeacha kazi ya ofisini kwenye kampuni ya utalii, kazi yenye mkataba, ili ununue majina. Nikamuuliza majina ya nini. Akasema, "Ya kwenye mtandao, Shangazi. Anayanunua, halafu anakaa nayo." Nikauliza anakaa nayo afanye nini. Akacheka, akapanda gari.

Melkizedek, jina hukaliwa namna gani? Hiyo ni kazi, au ni ndugu yake kubeti, huko kunakowamaliza vijana wa Wasso? Na mwenye jina anajua kwamba umelichukua? Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne, na uandike barua. Simu sitaki. Mtandao wa huku uko juu ya kilima, na mpaka nifike nimeshasahau swali. Mpe Saning'o wa gari la mboga. Akija Karatu kuchukua vitunguu anapita hapo sokoni kwenu, na akirudi atanifikishia.

Shangazi yako,
Scholastika


Karatu,
8 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Mama anakusalimu, goti linamsumbua kukiwa na ukungu, na ukungu wenyewe hauishi. Dada Evelyn amejifungua mtoto wa kike, mnene, anafanana na marehemu Baba mpaka tunaogopa ataanza kutugombeza. Eliud mzima, na mdomo wake mzima zaidi.

Si kubeti, Shangazi. Naapa. Kila biashara ikitaka kuonekana kwenye mtandao inahitaji anwani, na anwani hiyo ni jina moja tu, halijirudii popote duniani. Sisi wa kazi hii tunaliita domeni. Wa kwanza kulisajili ndiye analo, mradi alilipie kila mwaka. Mimi natafuta majina mazuri ambayo hayajachukuliwa, nayasajili, nayatunza, na siku mwenye biashara akilihitaji moja tunaelewana. Mfikirie mtu aliyenunua kiwanja hapa Karatu kabla lami haijafika. Na yeye walimcheka.

Kuyatafuta ndiko kunakonipa raha. Nakaa pale Brigita anapouza supu, nawasikiliza madereva wa watalii na wafanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola. Neno likianza kurudiwa na watu wasiojuana, naliandika kiganjani. Halafu namtamkia Brigita mara moja tu, akiwa anakoroga sufuria, na baadaye namuuliza. Akilikumbuka na kuliandika bila kuniuliza, nalisajili. Asipolikumbuka nalitupa, hata kama mimi nalipenda kufa. Marefu hayafai. Yenye vistari hayafai. Jina la vitunguu nililolishika mwaka juzi lilichukuliwa na mama mmoja wa Arusha, na sasa limechorwa kwenye malori yake. Nikiliona linapita kuelekea Makuyuni, Shangazi, najiona kama baba aliyeozesha binti.

Kuyalinda ndiko kugumu. Jina langu bora kuliko yote, la kahawa ya huku, lilinitoka hivi hivi. Nilikuwa nimelisajili kwa barua pepe ya ofisi. Nilipoacha kazi barua pepe ile ikafungwa, na taarifa ya kulipia upya ikaenda kwenye sanduku lisilo na mwenyewe. Nilipokuja kushtuka limeshachukuliwa na mtu wa nchi nisiyoijua, na amelijaza picha za viatu. Nilikosa usingizi. Tangu hapo kila jina nimelifunga lisihamishwe bila ruhusa yangu, neno langu la siri ni refu kama litania, na tarehe za kulipia ziko ukutani kwa wino mwekundu, kama ulivyotulea.

Umeuliza kama mwenye jina anajua. Sichukui jina la mtu, wala la biashara ya mtu. Huo ni wizi, na ukishtakiwa unanyang'anywa na aibu juu. Nachukua yale ambayo bado hayana mwenyewe.

Je, majibu yanatosha darasa la nne?

Mwanao,
Meki


Ololosokwan,
2 Machi 2025

Meki,

Yanatosha. Nimekupa nane juu ya kumi. Mbili nimezikata kwa mwandiko. Mpe Evelyn hongera. Nimempa Saning'o shuka jekundu la kumfunika huyo babu mpya.

Nimefurahi, sitaficha. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa sauti mbele ya Mama Ngoitiko, mwenyekiti wa kikundi chetu cha ushanga, yule aliyekucheka ulipokuja likizo ukaogopa maziwa ya kibuyu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo kijana anachunga." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Na sasa mimi nina jina la kukuonyesha. Wanawake wa kikundi wamejenga. Nyumba za wageni, za udongo na samadi kama zao wenyewe, ila zina vitanda na madirisha ya kutosha Mzungu kuchungulia, kando ya njia ya kwenda Serengeti. Mgeni atalala, atakula, atafundishwa kushona ushanga na kuchekwa akikosea. Unajua mambo ya huku. Ardhi inagombaniwa na kila mwenye karatasi, na ng'ombe ni wa mume. Lakini nyumba, enkaji, hujengwa na mwanamke kwa mikono yake na ni yake, hata mume huingia kwa adabu. Kwa hiyo jina tulilolichagua ni Enkaji Sidai, nyumba nzuri. Tulibishana wiki nzima, na siku tulipolipata Mama Ngoitiko alisimama akaimba.

Tumekubaliana lisitoke nje ya kikundi mpaka kibao kisimame. Mimi ndiye katibu, mimi ndiye niliyeliandika, na wewe ndiye mtu pekee wa nje niliyemwambia. Nimekuambia kwa kuwa ni kazi yako. Linafaa? Na wakati ukifika, sisi tusiojua kompyuta tutalisajilije?

Shangazi yako,
Scholastika


Karatu,
29 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Shuka limefika na mtoto analilalia kama chifu. Mama goti lake limepata nafuu kidogo, anakwenda jumuiya mwenyewe. Masika yameanza kwa hasira. Lori la saruji limezama karibu na kwa Brigita na watu wamelizunguka tangu jana wakitoa ushauri, hakuna anayesukuma. Paka wa Brigita amezaa. Eliud ana wageni wa Kijapani wanaoshukuru kila kitu, hata mashimo ya barabarani. Geti la Ngorongoro lina ukungu mpaka madereva wanawasha taa mchana.

Jina ni zuri. Brigita alilikumbuka mara ya kwanza.

Kuhusu kulisajili msiwe na haraka. Malizieni nyumba kwanza. Mambo ya mtandao hayakimbii.

Saning'o anapiga honi, naishia hapa.

Meki


Ololosokwan,
18 Mei 2025

Mwanangu Meki,

Tumsifu Yesu Kristu. Masika yalikata barabara, ndiyo maana nimechelewa. Mvua imekuwa nzuri. Majani yamepanda, maziwa ni mengi, na mimi sina hamu nayo.

Nikueleze. Mwezi wa Nne tulisimamisha kibao njiani. Wiki iliyopita Mama Ngoitiko alikwenda Wasso kwa Kisioki, mwenye duka la kompyuta, ili alisajili jina kabla ya ufunguzi. Nami nilimfuata. Kisioki akaandika, akaangalia, akaandika tena. Akasema, "Mama, hili lina mtu. La Tanzania, lenye tz mwishoni, lina mtu, na lile la dunia nzima, lenye com, lina mtu. Limechukuliwa mwezi wa Tatu."

Mwezi wa Tatu, Meki. Kibao kilikuwa bado. Mwezi wa Tatu jina hilo lilikuwa midomoni mwa wanawake waliokaa ndani ya nyumba moja, na kwenye kalamu yangu.

Mama Ngoitiko hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Tulipokutana wote aliniuliza mbele yao, "Mwalimu, sisi hatuandiki. Nani aliliandika?"

Nikasema mimi.

"Ulimpa nani?"

Nikasema nilimwambia mtoto wa kaka yangu, peke yake, na huyo ni mwanangu, hachukui cha mtu, ameniandikia hivyo kwa mkono wake. Nikasema namdhamini. Mmoja wao, yule mdogo kuliko wote, alisema kwa sauti ya chini, "Ardhi nayo ilianza hivyo hivyo. Mtu alikuja akatuandikia."

Tangu siku hiyo nikifika kisimani mazungumzo yanakatika. Kimaasai nakisikia kama wao, na wanajua, ndiyo maana wananyamaza kabisa. Ukatibu nimeambiwa nipumzike. Wanasema nami kwa upole, Meki. Miaka yote niliyokaa hapa wamenikemea, wamenitania, wamenitukania mchicha wangu, hakuna aliyewahi kunisemesha kwa upole. Hivyo ndivyo wanavyosema na mgeni anayesubiri gari.

Nimeanza kufunga vyombo. Mwambie mama yako huenda akapata anachokitaka.

Lakini kabla sijaondoka nataka kujua. Wewe unazijua njia za huko. Nitafutie huyo mtu. Niambie ni nani, nimwandikie. Sitamtukana. Nitamuuliza tu kama ana shangazi.

Scholastika


Ololosokwan,
22 Juni 2025

Melkizedek,

Saning'o amepita mara tatu. Anasema barua yangu uliipokea mwenyewe, ukaisoma umesimama, ukamwambia utajibu safari ijayo. Nimepanda kilimani kukupigia. Simu inaita, haipokelewi.

Nimeitoa barua yako ya Machi nikaisoma upya kwa miwani yako. Mtu niliyemuuliza jinsi ya kusajili jina amenijibu habari za paka. Tena ameandika kwamba Brigita alilikumbuka mara ya kwanza. Ulishanifundisha mwenyewe kinachofuata Brigita akilikumbuka.

Mwanangu, ni wewe?

Scholastika


Karatu,
28 Juni 2025

Shangazi,

Ni mimi.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara nilianza na habari za nyumbani. Leo sina habari.

Barua yako ya Machi niliisoma nikiwa kwa Brigita. Nilimtamkia jina, akalikumbuka, na kabla supu haijapoa nilikuwa nimelisajili, yote mawili. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilijiambia nalilinda tu, nitawapa kama zawadi siku ya ufunguzi, nitakuja na shati jipya mnipigie vigelegele. Hata ile "msiwe na haraka" niliiandika nikiwa na zawadi hiyo kichwani. Nadhani. Sasa sijui tena.

Mwishoni mwa Aprili ikaja barua pepe. Kampuni moja ya mahoteli, jina lake sitalitaja, inataka kujenga kambi ya kifahari upande wenu. Mtu wao alipita njiani akaona kibao, akalipenda jina, akamtafuta mwenye jina mtandaoni, akanikuta mimi. Shangazi, kwa kiasi walichotaja ningeweza kuacha kuhesabu hela ya supu. Walisema kibao cha udongoni hakina nguvu, mwenye domeni ndiye mwenye jina. Na mimi nilijua wanasema uongo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuandikia kwamba jina la biashara ya mtu halichukuliwi.

Sikuwauzia. Lakini sikukataa. Niliwajibu, "Nitafikiri." Barua yako ya Mei ilipofika nilikuwa bado nafikiri. Nilisoma mahali uliposema umenidhamini, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Ningekuambia siku ile ile usingelala na mzigo huo muda wote huu. Badala yake nilikaa kimya, na kila siku ya kimya ikaifanya ya pili kuwa nzito zaidi. Juzi barua yako fupi ilipofika niliwaandikia wale watu neno moja, hapana, nikaizima kompyuta, nikaenda kumwambia Mama kila kitu. Amenifokea kwa Kichaga mpaka majirani wakafunga madirisha.

Ndani ya bahasha utaona jani la isale. Nimelikata kwa mzee wa kwetu mwenye shamba hapa Karatu, aliyeliotesha mpakani. Sikuthubutu kumwambia la nini, ila nadhani alijua, kwa sababu alinichagulia bichi kabisa. Wewe unajua maana yake kuliko mimi. Mwenye kuletewa isale hukumbushwa kusamehe. Silituma ili nikubane. Nalituma kwa sababu sina neno lingine.

Majina nimeyafungulia, yako tayari kuhamishwa. Namba za siri za kuhamishia sitaziandika hapa, barua hii itapita mikono mingi. Mkishaamua yaandikwe kwa nani, nitamsomea Kisioki kwa simu, na nitapokea simu, hata ikiita alfajiri.

Usifunge vyombo, Shangazi. Kama kuna wa kuonwa mgeni ni mimi.

Melkizedek


Ololosokwan,
27 Julai 2025

Melkizedek mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Nianze kwa kukugombeza, kisha nitakuambia mengine.

Isale halitumwi kwa gari la vitunguu! Isale huletwa. Mtu huja nalo, na mkubwa wa ukoo mbele yake, anasimama mlangoni anatazamwa. Wewe umelikunja mara nne ukalitia kwenye bahasha. Limefika na mikunjo kama shati la mlevi na linanuka soko zima la Karatu. Nililiweka mezani nikalitazama, nikacheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuacha upesi. Nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtoto yeyote, na nimefundisha wengi wabaya.

Kisha nikalichukua nikaenda kwa Mama Ngoitiko. Ningeweza kukuficha. Nilifikiria njia nzima: nitasema limepatikana, nitasema ni mtu wa mbali. Nilipofika nikasema, "Ni mtoto wangu. Niliyemdhamini." Nikamwekea jani mkononi.

Aliligeuza huku na huku, akalinusa, akaniuliza, "Hili ni nini?" Nikamweleza: kwetu mlimani tunalipanda kwenye mpaka ili watu wajue shamba linaishia wapi, na jani hilo hilo mkosaji humpelekea aliyemkosea. Akasema, "Sisi kwetu ni nyasi. Mtu akikosa anang'oa nyasi za chini, anazishika hivi. Huwezi kumpiga mtu aliyeshika nyasi." Halafu akasema, "Mbona lenu kubwa hivi? Wachaga mnakosea sana?"

Ni mara ya kwanza kunitania tangu Mei. Ningeweza kumbusu.

Jioni aliwaita wote. Jani akaliweka katikati, nami nikawasomea barua yako yote, pamoja na "nitafikiri". Hapo penye "nitafikiri" yule mdogo alitema mate pembeni. Wengine walisema wewe ni mwizi. Wengine walisema, lakini kama asingelichukua yeye, wale wa hoteli wangelikuta tupu na leo lingekuwa lao, nasi tungebaki na kibao. Walibishana sana, na safari hii hawakunyamaza kwa ajili yangu, walinigeukia na kunifokea kabisa. Mama Ngoitiko akamaliza. Alisema, "Mtu akikuta ng'ombe wa mwenzake porini kwenye simba, akamfungia zizini kwake, amemwokoa. Asipomwambia mwenyewe, amemwiba. Ng'ombe ni yule yule. Huyu kijana amesema sasa. Amechelewa, lakini amesema, na ng'ombe anarudi na alama ya mwenyewe masikioni."

Kwa hiyo hukumu yako ni hii. Ufunguzi ni mwishoni mwa Agosti. Utakuja, na mama yako atakuja mbele yako na goti lake, na isale jingine, lililonyooka. Utalala ile nyumba iliyo karibu na zizi la mbuzi. Na kila mwaka tarehe ya kulipia ikikaribia wewe ndiye utakayetukumbusha, uwe umelala au uko macho. Mama Ngoitiko anasema mchungaji aliyewahi kupoteza ng'ombe mmoja huwahesabu vizuri. Nilimwambia umepoteza wa kahawa. Akasema basi unafaa.

Lilibaki moja, jina liandikwe kwa nani. Jana tulikwenda Wasso, wote, tumejazana dukani kwa Kisioki mpaka wateja wake wakakaa nje. Kisioki akasema kikundi kina cheti lakini lazima awepo mtu, jina lake na mahali anapokaa, ndiye atakayeulizwa likitokea lolote. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango. Sikuwa katibu tena.

Mama Ngoitiko akasema, "Andika Mwalimu."

Yule mdogo akasema kwa haki kabisa, "Si kwake ndiko jina lilikovujia?"

"Ndiyo maana," Mama Ngoitiko akasema. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyie hamjaumwa. Huyu ameumwa, na nyumbani kwake mwenyewe. Nani kati yenu atalilinda kuliko yeye?" Akawatazama mmoja mmoja. Yule mdogo ndiye aliyenishika mkono akanivuta mbele.

Meki, nilijibu maswali ya Kisioki kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Barua pepe sina, wamenifungulia, na neno langu la siri ni refu kuliko lako. Ukipata barua hii mpigie Kisioki umsomee hizo namba, uongee taratibu.

Akaniuliza mahali. Nilifungua mdomo niseme Kibosho, kama ninavyosema siku zote mtu akiniuliza kwetu ni wapi. Mama Ngoitiko akanitangulia. "Ololosokwan," alisema, na Kisioki akaandika, na mimi sikumsahihisha.

Shangazi yako,
Scholastika